Sabuni na protini: jeli inapokataa, anza kuchunguza tyubu

Nazungumzia jeli ya kutenganisha protini: sampuli huwekwa kwenye visima vya juu, umeme huzivuta protini kushuka, kila kisima kikiwa na njia yake, na protini za ukubwa mmoja hukaa pamoja kama bendi. Jeli ikitoka mbaya, wa kwanza kulaumiwa ni jeli. Watu humwaga akrilamaidi mpya (kemikali inayoganda kuwa jeli), hubadilisha bafa (myeyusho unaotunza pH), huongeza muda wa umeme, na kesho yake picha ni ileile. Kwa niliyoyaona, kosa mara nyingi limeshatokea kabla sampuli haijaingia kisimani: sabuni ilikuwa pungufu, ilikuwa imeganda, au ilikuwa inagombaniwa na kitu kingine ndani ya tyubu. Mwongozo huu unafuata dalili, kwa sababu dalili ndiyo unayoiona kwanza. Chini ya kila dalili, sababu zinaanzia inayotokea sana kwenda ya nadra, na ukaguzi usio na gharama unatangulia.

Nasema “sabuni” kwa sababu ndivyo tunavyosema tukiwa kazini. Mkemia atakunja uso na kueleza tofauti ya sabuni halisi na SDS, yaani sodiamu dodesili salfeti. Ana haki, ila hapa neno moja linatosha.

Hesabu ya deni

SDS ina mkia wa kaboni 12 usiopenda maji na kichwa chenye chaji hasi. Mkia hujibandika kwenye sehemu za protini zinazokwepa maji, umbo la protini hufunguka, na vichwa huipaka chaji hasi mwili mzima. Kwa protini nyingi zilizovunjwa madaraja ya sulfuri (viungo vinavyofunga sehemu za protini pamoja), kiasi kinachobandika ni kama gramu 1.4 za SDS kwa kila gramu ya protini, karibu molekuli moja kwa kila asidi amino mbili. Reynolds na Tanford walilipima hilo mwaka 1970, mwaka uleule Laemmli alipochapisha bafa ambazo maabara nyingi bado zinatumia. Kwa kuwa uwiano wa chaji kwa uzito unakaribia kuwa mmoja kwa protini zote, kinachozitenganisha ndani ya jeli ni ukubwa.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba molekuli za SDS zinazobandika ni zile zilizo peke yake majini. Zilizojikusanya kuwa miseli, yaani vibonge vidogo vya sabuni, ni akiba tu. Katika maji matupu miseli huanza kuundwa kwenye milimola 8 hivi. Chumvi ikiwepo, mapema zaidi. Kwa hiyo chochote kinachozivuta SDS kuingia kwenye miseli nyingine, au kinachozigandisha, kinaipunja protini, hata kama lebo ya bafa inasema asilimia 2.

Fanya hesabu. Una mchanganyiko wa seli wenye protini miligramu 20 kwa mililita. Unachukua sehemu nne zake na sehemu moja ya bafa ya sampuli ya mara 5 (iliyokolezwa mara tano ya matumizi), yenye SDS asilimia 10. Protini sasa ni miligramu 16 kwa mililita, na inadai SDS miligramu 22.4. Uliyonayo ni asilimia 2, yaani miligramu 20. Umeshaingia kwenye deni hata kabla ya kuhesabu sabuni nyingine zilizomo. Mimi sipendi kushuka chini ya uwiano wa SDS tatu kwa protini moja kwa uzito. Sampuli ikiwa nzito, izimue kwanza.

Dalili: mashapo meupe kwenye chupa au kwenye tyubu

Sababu ya kawaida kuliko zote ni baridi. Myeyusho wa SDS wa asilimia 10 ukikaa kwenye chumba chenye ubaridi huanza kutoa fuwele, na bafa ya sampuli iliyotoka kwenye friza huwa na tope jeupe chini. Hata bafa ya kuvunjia seli yenye SDS asilimia 0.1 tu huweza kutia ukungu ikiwekwa kwenye barafu. Pasha hadi nyuzi 37 za Selsiasi, geuza tyubu taratibu mpaka iwe angavu, kisha ndipo upime. Ukipima juu ya tope, pipeti yako inachukua maji huku SDS imebaki chini, na kopo zima linaharibika: wa mwanzo wanapata bafa dhaifu, wa mwisho wanapata nzito mno.

Sababu ya pili ni potasiamu, na hii ndiyo inayowatesa watu kwa wiki nzima. Chumvi ya potasiamu ya dodesili salfeti haiyeyuki vizuri kwenye joto la chumba. Inaingiaje? Kupitia bafa ya fosfeti ya potasiamu, kupitia kloridi ya potasiamu iliyotumika kutoa protini kwenye kolamu (bomba lenye chembe za kutenganishia protini), au kupitia mtu aliyerekebisha pH kwa haidroksidi ya potasiamu kwa sababu chupa ya sodiamu ilikuwa imeisha. (Nimewahi kuwa mtu huyo.) PBS ya kawaida (maji ya chumvi yenye bafa ya fosfeti) ina kloridi ya potasiamu milimola 2.7 tu, kiasi ambacho mara nyingi hakisumbui.

Namna ya kuzitofautisha hizi mbili ni rahisi. Chemsha, kisha acha tyubu ipoe kwenye meza. Mashapo ya baridi hayarudi. Ya potasiamu yanarudi tyubu ikipoa tu.

Usiyazungushe mashapo hayo kwenye sentrifuji ukapakia maji ya juu. SDS imekwenda chini na imeibeba protini yako. Dawa ni kubadilisha bafa kabla ya kuongeza SDS: tumia kolamu ndogo ya kuondoa chumvi au dayalisisi (sampuli ndani ya mfuko wa utando, bafa mpya nje) kuelekea bafa ya sodiamu au ya Tris, kemikali nyingine ya bafa. Kama kitu pekee ulichonacho ni tyubu hiyohiyo, pakia ikiwa bado ya moto na utarajie jeli ya wastani.

Ya tatu ni kloridi ya guanidini, kemikali ya kufungua protini. Nayo hugandisha SDS, na hapa hakuna hila ya kupasha moto. Itoe kwa dayalisisi kuelekea yurea, au igandishe protini, yaani itoe majini kama mashapo (si kwa friza), na kuiosha (njia iko mbele). Deoksikoleti, sabuni nyingine, ni ya nadra zaidi: ikikutana na asidi hujitenga na maji na kufanya utando unaonata.

Dalili: sampuli inavutika kama kamasi, au inaelea kutoka kisimani

Kamasi ni DNA. SDS imepasua viini vya seli na nyuzi ndefu zimemwagika. Ukivuta pipeti, kisima kizima kinafuata. Vunja nyuzi kwa mawimbi ya sauti, au pitisha sampuli kwenye sindano nyembamba mara kumi hivi. Kimeng'enya cha kukata DNA kitafanya kazi kama utakiweka kabla ya SDS nyingi kuingia.

Inayoelea ina gliseroli (kimiminika kizito cha kuizamisha) pungufu au imebaki na asetoni au pombe kutoka hatua ya kugandisha. Fungua kifuniko, acha ikauke dakika chache, yeyusha tena. Na kama buluu ya bromofenoli (rangi ya kuonyesha mwendo wa sampuli) imegeuka njano, sampuli ni ya asidi, kwa kawaida baada ya kutumia asidi ya trikloroasetiki. Ongeza Tris isiyorekebishwa pH, tone kwa tone, mpaka rangi irudi buluu.

Dalili: protini imekwama juu, karibu haijaingia

Uliza kwanza: ni protini ya utando (inayokaa ndani ya utando wa seli)? Kama ndiyo, mshukiwa ni kitendo kinachoandikwa katika kila mwongozo, kuchemsha kwa nyuzi 95. Protini zenye sehemu nyingi zinazokwepa maji huweza kushikana zikichemshwa, hata SDS ikiwa ya kutosha, na bonge hilo haliingii kwenye jeli. Jaribio lake linachukua saa moja. Gawanya sampuli ile ile mara nne: moja isipashwe kabisa, moja nyuzi 37 kwa dakika 30, moja nyuzi 70 kwa dakika 10, moja nyuzi 95 kwa dakika 5. Zipakie bega kwa bega. Bendi ikififia kadiri joto linavyopanda huku mzigo wa juu ukinenepa, umepata jibu, na hakuna haja ya kugusa jeli.

Kama si ya utando, rudi kwenye hesabu ya deni. SDS ikiwa pungufu, baadhi ya protini hufunguka nusu na kushikana zenyewe kwa zenyewe.

Kisha angalia dawa ya kuvunja madaraja ya sulfuri. DTT, mojawapo ya dawa hizo, ikikaa kwenye bafa kwa miezi haifanyi kazi. Iongeze siku ya matumizi, milimola 100 au zaidi, au merkaptoethanoli asilimia 5. Madaraja yakibaki, protini haifunguki yote na SDS inayobandika hupungua, kwa hiyo kosa moja linazaa jingine. DNA isiyokatwa ndiyo ya mwisho: nayo huziba mlango wa kisima.

Dalili: michirizi mirefu, bendi zilizopinda, njia zilizovimba

Kabla ya kushuku kemia, punguza protini uliyopakia iwe nusu, halafu robo. Mchirizi ukitoweka, ulizidisha tu. Hakuna aibu, kila mtu huzidisha.

Chumvi ndiyo inayofuata. Kisima chenye chumvi nyingi hubana, na majirani zake hupanuka, kwa hiyo njia mbaya huenda ikawa ya jirani yako na mkosaji ni wewe. Weka bafa ileile kwenye visima vilivyo tupu ili umeme upite sawa.

Halafu kuna Triton X-100, sabuni isiyo na chaji, na ndugu zake. Hapa inafaa kukaa kidogo. Miseli za Triton huundwa kwenye milimola 0.2 au 0.3 hivi, ukolezi mdogo sana ukilinganisha na wa SDS. Ukiweka SDS ndani ya sampuli yenye Triton asilimia 1, molekuli za SDS zinaingia kwenye miseli hizo na kufanya miseli za mchanganyiko. Zilizo huru majini zinapungua, na kumbuka ni hizo huru zinazobandika protini. Umeme ukiwashwa, miseli hizo mchanganyiko husafiri karibu na mstari wa rangi na kuusukuma pembeni. Ndiyo maana sehemu ya chini ya njia inavimba kama chupa huku ya juu ikionekana ya kawaida. Protini ndogo ndizo zinazopotea humo.

Kwa Triton chini ya asilimia 0.5, kuongeza SDS hadi asilimia 4 kwenye bafa ya sampuli kwa kawaida hunitosha. Ikizidi hapo, gandisha protini na uoshe.

Kuna kosa jingine ambalo si la sabuni ila huvaa sura yake: bafa ya kuendeshea iliyorekebishwa pH kwa asidi ya haidrokloriki. Tris milimola 25, glisini milimola 192 na SDS asilimia 0.1 hufika karibu pH 8.3 zenyewe. Ukiongeza kloridi unaharibu mpangilio unaozibana protini kuwa mstari mwembamba kwenye jeli ya juu. Ikisoma 8.5, iache.

Dalili: bendi moja safi, lakini mahali pasipo pake

Mara nyingi hili si tatizo. Gramu 1.4 kwa gramu ni wastani wa protini zinazoyeyuka vizuri majini. Zenye minyororo ya sukari hubeba SDS kidogo, kwa kuwa sukari haiipi sabuni mahali pa kushika, hivyo hutembea polepole na kuonekana kubwa. Zenye asidi amino nyingi za chaji hasi huifukuza SDS na hufanya vivyo hivyo. Protini za utando mara nyingi hubeba SDS zaidi au hubaki zimekunjamana, na huonekana ndogo kuliko zilivyo.

Nyingine hazifunguki mpaka moto ushike. Protini ya OmpA ya bakteria Escherichia coli isipochemshwa hukaa karibu na kilodaltoni 30 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Ikichemshwa hupanda hadi 35. Streptavidini isiyochemshwa hubaki mkusanyiko wa protini nne ndani ya SDS. Kwa hiyo ukaguzi wa kwanza ni kuendesha iliyochemshwa na isiyochemshwa pamoja. Wa pili ni kukata sukari kwa kimeng'enya uone bendi inashuka au la. Uzito wenyewe utaupata kwenye spektrometa ya masi. Jeli inakupa makadirio.

Dalili: bendi nyingi ndogo ambazo hukuzitarajia

Umeongeza bafa ya sampuli ukaenda kunywa kitu ukiwa unasubiri wenzako? Hapo ndipo ilipoliwa. SDS hufungua protini yako mara moja, lakini baadhi ya vimeng'enya vya kukata protini hubaki hai kwa muda ndani ya SDS, na sasa vina chakula kilichofunuliwa. Pasha mara tu unapochanganya. Kwa protini ya utando isiyovumilia moto, weka vizuizi vya vimeng'enya tangu mwanzo.

Kuchemsha kupita kiasi nako hukata, hasa kwenye kiungo cha asidi aspatiki na prolini. Dakika 5 zinatosha. Na bendi hafifu kati ya kilodaltoni 50 na 70 zinazojitokeza kwenye kila njia, hata ile yenye bafa peke yake, ni keratini ya ngozi yako. Vaa glavu, tengeneza bafa upya.

Dalili: kipimo cha protini hakiingii akilini

Njia ya Bradford, ya kupima kiasi cha protini kwa rangi, haipatani na SDS: rangi inashika sabuni na namba inadanganya. Tumia BCA, kipimo kingine cha rangi, inayovumilia SDS hadi asilimia 5, lakini pima kabla ya kuongeza DTT kwa sababu hiyo nayo inaiharibu. Mstari wa kulinganishia utengenezwe kwenye bafa ileile iliyomo kwenye sampuli yako. Usomaji wa mwanga wa nanomita 280 usiuamini palipo na Triton X-100, maana ina pete ya benzini inayofyonza mwanga hapohapo.

Dalili: protini inatoka kwenye kolamu ikiwa kubwa mno

Kwenye kolamu ya kuchuja kwa ukubwa, protini ya utando husafiri ikiwa imevaa sabuni. Miseli ya DDM (sabuni nyingine isiyo na chaji) peke yake ina kama kilodaltoni 50 hadi 70, ya Triton karibu 90. Protini ya 40 ikitoka kama ya 110 haijalazimika kuwa imeshikana na mwenzake.

Ikitoka kabisa mwanzoni, pamoja na vitu vikubwa kuliko vyote, hapo imeshikana kuwa mabonge. Kagua kama bafa ya kolamu ina sabuni juu ya ukolezi wa kuunda miseli. Wengi huiweka kwenye sampuli na kuisahau kwenye bafa ya kuendeshea. Sabuni inabaki nyuma na protini inavuliwa nguo katikati ya safari. Jihadhari pia na vichujio vya kukolezea. Kichujio cha kilodaltoni 30 kinazuia protini na miseli pamoja, kwa hiyo baada ya kukoleza mara kumi, sabuni nayo imekolezwa. Kama mkusanyiko wa protini na sabuni unaruhusu, tumia cha 100.

SDS usiipeleke kwenye kolamu ya kubadilishana chaji hasi. SDS yenyewe itaikalia kolamu.

Kuondoa sabuni iliyozidi

Dayalisisi inafaa kwa zinazounda miseli kwenye ukolezi mkubwa: oktili glukosaidi, milimola 20 hadi 25, na CHAPS, milimola 6 hadi 10. Triton na DDM hazitoki hivyo kwa wiki nzima, kwa sababu miseli hazipiti kwenye utando. Kwa hizo tumia shanga za polistairini zinazofyonza sabuni.

Kama unachotaka ni jeli tu, na hujali protini ibaki hai, gandisha. Kwa mikrolita 100 za sampuli: methanoli 400, tikisa, klorofomu 100, tikisa, maji 300, tikisa sana mpaka iwe kama maziwa. Zungusha kwenye sentrifuji. Protini inakaa kama ngozi nyembamba kati ya tabaka mbili. Ondoa tabaka la juu bila kuigusa ngozi, ongeza methanoli 300, zungusha tena, mwaga, acha ikauke kidogo tu. Ikikauka kabisa haitayeyuka. Klorofomu ifanyiwe kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa, na taka zake zisiende kwenye sinki.

Pa kusimama na kuita mwingine

Zima umeme na chomoa nyaya kabla ya kufungua tangi. Volti 150 ndani ya maji ya chumvi zinaweza kuua. Tangi likivuja, au kipimo cha mkondo kikiruka bila sababu, usijaribu kulipiga gundi ukaendelea. Mpe fundi wa vifaa.

Unga wa SDS ukiupima bila barakoa utakuwasha puani na mapafuni. Akrilamaidi ambayo haijawa jeli ni sumu ya neva na hupita kwenye ngozi. Ikimwagika zaidi ya matone machache, ondoa watu na mwite msimamizi wa usalama wa maabara.

Sampuli inayokwenda kwenye spektrometa ya masi, zungumza na mwendeshaji wa mashine kabla ya kuongeza sabuni yoyote. SDS huzima ishara, Triton na Tween-20 hujaza picha kwa vilele vyake, na kuisafisha mashine ni kazi ya siku kadhaa ambayo hutaki iandikwe kwa jina lako.

Na kama sampuli ni ya mgonjwa, au imebaki tyubu moja isiyo na nyingine, usiifanyie majaribio ya hapa juu hata moja. Yafanye kwanza kwenye seli za kawaida zilizovunjwa kwa bafa ileile, na ukikwama, peleka picha zote mbili, iliyochemshwa na isiyochemshwa, kwa mtu anayeshughulika na protini za utando kila siku.